Nyasi za Tuta la Mama

Mwezi uliopita nilirudi Bugwema, nikamkuta mke wa mwanangu anatandaza mabua makavu kati ya mistari ya sukuma wiki. Alipoyamwagia maji, ile harufu ilinirudisha utotoni, na uso ukaniwaka kwa aibu.

Wakati ule tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama madawati, maji yako mbali. Mama alikata nyasi kabla hazijatoa mbegu, akazianika, akazitandaza nene juu ya tuta, akiacha nafasi kuzunguka kila shina lisije likaoza. "Udongo nao unatakaga nguo," alikuwa akisema. Kiangazi kile kila kitu kilikauka, lakini ukipenyeza kidole chini ya nyasi zile ulikuta ubaridi. Jioni tulikula ugali wa mtama na mchicha wetu wenyewe, nami nikajivuna shuleni.

Jirani yetu, mjane, alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Malisho yalipokwisha, ng'ombe akalala chini, hanyanyuki. Mjane akaja, akasimama nje ya uzio wetu wa miiba.

"Mama mwenzangu, nigawie hizo nyasi. Nimnyanyue tu."

Mama hakuacha kumwagilia. "Nikizitoa mchicha unakufa. Watoto watakula nini?"

"Hata nusu."

"Hapana, dada."

Mjane aliniangalia mimi. Nikainama, nikajifanya nang'oa magugu, na chini ya nyasi zile magugu hayakuwapo.

Kesho yake ng'ombe alichinjwa kabla hajakata roho. Kwetu nyama haipiti mlango wa jirani bila kumgawia. Mjane mwenyewe alituletea fungu letu, kwenye bakuli.

"Karibuni, ni kidogo," alisema.

Mama alipokea kwa mikono miwili. Tulikula bila kutazamana. Baadaye alimpelekea mchicha, kikapu kimejaa. Mjane alishukuru kwa adabu, kama anayemshukuru mgeni, na hakuingia tena kwetu.

Kijiji kile hakipo tena. Watu walirudi mmoja mmoja kwenye mahame yao, na mistari ya nyumba imekuwa mashamba. Uwanja wa shule nautambua, na kisima pia. Mahali ilipokuwa nyumba ya mjane sipatambui. Wazee wachache wangeweza kunionyesha, lakini nikiwauliza, nao wataniuliza mimi ni mtoto wa nani.