Muhali Uliomlaza Mama

Ukitaka kuniharibia asubuhi yangu, niambie "kesho, inshallah" kwa sauti ya upole. Neno lenyewe sina ugomvi nalo, nimelelewa nalo na nitakufa nalo. Ugomvi wangu ni na mafundi na wenye maduka wa Wete waliolifanya pazia la kujifichia. Mshona nguo anakwambia hivyo na kitambaa chako hajakikata. Mwenye duka la dawa anakwambia hivyo huku anajua mzigo wake bado uko Unguja na hana habari utavuka lini. Nawe mteja unaitikia "inshallah," unamuuliza hali ya watoto, unamshukuru kwa kitu ambacho hakukupa, unarudi nyumbani mikono mitupu. Ukithubutu kukasirika, mwenye makosa ni wewe.

Sisi Wapemba tuna kitu tunakiita muhali. Ni kule kushindwa kumwambia mtu jambo usoni kwa sababu mna udugu, au mmekula pamoja, au alikuja kwenye maziko yenu. Unamwonea muhali, unanyamaza. Wakubwa wetu wanausifu, wanasema ndiyo adabu yenyewe. Mimi nauchukia. Nauchukia kwa sababu ulikaribia kumuua mama yangu, na mpaka leo kila aliyehusika ananiambia kwamba hakuna aliyekosea.

Mama ana sukari. Anachoma sindano ya insulini asubuhi na jioni, na vichupa vyake vinataka baridi. Hospitali walituambia kwa lugha nyepesi kabisa: viwekwe kwenye friji, sehemu ya chini au mlangoni, kamwe visigande, kwa sababu dawa ikiganda imekufa hata ukiiyayusha. Kwa hiyo friji nyumbani kwetu si ya kunywea maji baridi. Tunaweza kula wali bila samaki wiki nzima na hakuna atakayelalamika, lakini ile friji lazima iwe nzima.

Siku moja mchana umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, friji ikatoa mlio wa kukohoa na ikanyamaza moja kwa moja. Sasa Wete ina mafundi wa friji kadhaa. Yupo kijana karibu na soko ambaye kila mtu anamsifu, unampelekea asubuhi na jioni unabeba chako. Lakini mimi sikuwa na hiari, kwa sababu Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, naye ni fundi friji. Kupeleka friji kwa mtu mwengine na Ami yupo ni kuutangazia mji mzima kwamba Ami hajui kazi. Mama alilisema hilo kabla hata sijafungua mdomo.

Ami akaja na gari ya kuazima, akaichukua. Nilipomuuliza habari ya malipo akaweka mkono kifuani kana kwamba nimemtusi. "Mtoto wa ndugu yangu nkamtoze mie? Iache hapo." Nilitamani angetaja bei. Ukimlipa mtu una haki ya kumsumbua. Anayekufanyia bure amekufunga mdomo kwa kamba ya hariri.

Tangu siku hiyo nikawa mteja wa kibanda cha Ami. Natoka skuli ninakofundisha, napitia kwake. Na niseme ukweli, sijapata kumwona mtu anayejua kusalimia kama Ami yangu. Anakuinua moyo. Anaacha alichokishika, anafuta mikono, anakupangusia kiti. Anauliza hali yako, ya mama, ya jamaa zetu wa Wingwi, ya yule ng'ombe wa Wingwi aliyevunjika mguu, ya paa letu linalovuja. Anaagiza kahawa. Anakupa habari za watu waliofariki na waliooa. Ukifika mahali pa kuuliza habari ya friji, muadhini keshaanza, na Ami anasimama kutawadha.

"Kesho, inshallah, mwanangu. Kumebaki kitu kidogo tu."

Kila siku kulikuwa kumebaki kitu kidogo tu. Mara kifaa kinatoka Tanga, mara gesi, mara anataka kuijaribu kwanza aone kama inashika baridi. Nikirudi nyumbani nimefura, mama ananiambia nitulie, Ami ni mtu mmoja na kazi nyingi. Nami nikimwambia kwamba hiyo ni dawa yako, mama, si maembe, ananijibu kwamba Mungu yupo. Yupo, nilisema, na kaumba mafundi wengine.

Dawa tulikuwa tumeiweka kwa jirani yetu, mama mtu mzima aliyekuwa rafiki wa mama yangu tangu usichana wao. Nyumba zetu zinagusana ukuta. Niliipeleka mwenyewe, nikamwonyesha kwa kidole: hapa mlangoni, si huku juu kwenye barafu. Akaitikia. Ni mwanamke mwema kuliko wengi, na simsemi kwa ubaya. Kichupa kilichofunguliwa kilikaa kwetu kivulini; kikiisha mama alikuwa anakwenda mwenyewe kuchukua chengine, kwa sababu mimi mchana niko skuli, na kwa sababu walikuwa wanapata kisingizio cha kukaa pamoja na kusengenya.

Kisha mama akaanza kubadilika. Akawa anakunywa maji hajizuii. Akawa anaamka usiku kwenda chooni mara kwa mara, na mchana anasinzia na ushanga wa uradi mkononi. Nikamwambia tupime. Vijikaratasi vya kupimia vilikuwa vimekwisha, nikaenda duka la dawa, nikaambiwa nini? Mnajua nilichoambiwa. Nikarudi kesho yake, nikaambiwa tena, kwa upole ule ule, na pole ya mgonjwa juu yake. Nilisimama mbele ya kaunta nikahisi masikio yanapata moto. Mwenye duka tulisoma naye. Sikumwambia kitu.

Asubuhi iliyofuata mama alikuwa anatapika na pumzi inakwenda mbio, ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Tulimbeba mimi na watoto wa jirani mpaka kwenye gari, tukamkimbiza hospitali. Namna walivyomtundikia maji na namna nilivyokaa kwenye ubao nje ya mlango sitaki kuieleza. Nilidhani namzika mama yangu. Niliwaza sanda iko kabati gani.

Alipopata nafuu kidogo, nesi aliniuliza kama anachoma sindano zake. Nikasema anachoma, sijamwona akiacha hata mara moja. Akaniomba kichupa anachotumia. Nilikuwa nacho mkobani. Akakiinua kwenye dirisha, akakizungushazungusha, akanionyesha vichenga vimeganda kwenye kioo na havichanganyiki.

"Hii iliganda," alisema. "Mama yako amekuwa akijichoma maji tu. Dawa mnaiweka wapi?"

Kabla sijajibu, mama alifungua macho pale kitandani akasema, "Nyumbani." Uongo wa wazi, kwa sauti ya mtu anayekufa. Nesi aliniangalia. Sikuelewa kwa nini mama amesema vile, lakini hasira yangu ilikuwa ishaipata njia yake. Kama friji yetu ingekuwa jikoni kwetu, haya yasingetokea. Mama alipopewa dawa mpya na kulala, nilitoka pale hospitali na kwenda moja kwa moja kwa Ami.

Alinyanyuka kunipokea, mikono anaifuta. "Karibu, mwanangu! Kaa kwanza. Wa Wingwi hawajambo?"

"Friji iko wapi?"

Sijapata maishani mwangu kumkata mtu mzima salamu. Watu wawili waliokuwa wanakunywa kahawa pale waliteremsha vikombe. Ami akacheka kidogo, akasema friji imepona zamani, mbona, iko kwake inajaribiwa. Kwake wapi? Kwa mkewe mdogo.

Nilikwenda. Mlangoni kulikuwa na watoto wamejipanga, kila mmoja na sarafu yake. Ndani, sebuleni, friji yetu imesimama inang'ara, imepambwa kitambaa cha kufuma juu, na mke mdogo wa Ami anatoa humo vifuko vya juisi ya ukwaju na malai, zile barafu tamu za watoto, anauza. Ilikuwa imejaa mpaka mlango haufungi vizuri. Pale mlangoni mwa friji, mahali pa dawa ya mama yangu, kulikuwa na chupa za siki.

Nilipiga magoti nikaanza kutoa. Nilitoa vifuko vyote nikavipanga juu ya mkeka, sikutupa kimoja. Yule mke alisimama ameshika kiuno. "Dada, vitayayuka hivyo!" Nikamwambia vyake vitayayuka, vya kwetu viliganda, na mama yangu yuko kitandani hospitali. Akaziba mdomo kwa mtandio. Majirani walikuwa wameshakusanyika dirishani. Ami akaingia anahema, amenifuata kwa miguu.

"Mwanangu, ungesema tu kama mwaitaka haraka!"

"Nimekuja kila siku, Ami! Kila siku nakuja, unanipa kahawa!"

"Lakini mamako kaniambia kwa simu, shemeji usijisumbue, si haraka. Kaniambia mwenyewe."

Niliamini papo hapo. Ndivyo alivyo mama. Lakini sikukubali Ami atokee kwenye mlango huo. Nilimwambia mtu akikwambia si haraka hajakwambia ufungue duka kwa friji yake. Nilisema mengi, kwa sauti ya juu, na dirisha zima linasikia. Ami alikuwa anatazama chini, anarudia "basi, mwanangu, basi." Niliirudisha friji nyumbani siku ile ile, kwa gari niliyoilipa mwenyewe kwa raha zangu zote.

Mama alipotoka hospitali, jirani yetu alikuja kumwona. Alikuja na bakuli la uji wa mtama, mzito, hauna sukari, ameupika mwenyewe. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mama mkono. Mimi nilikuwa naegemea mlango. Walisalimiana, wakashukuru Mungu. Kisha jirani akauliza, na macho yako kwenye bakuli:

"Na dawa je? Ilikaa sawa lakini pale kwangu?"

"Ilikaa sawa kabisa, dada'angu," mama akasema. "Wala haikuwa na shida."

Nikasema, "Iliganda. Iliganda ikafa, na ndiyo iliyomlaza."

"Nyamaza weye!" Mama alijiinua kwa kiwiko, na nguvu zenyewe hana. "Usinitahayarishe na mwenzangu!"

Jirani hakushtuka. Hilo ndilo nililoliona, kwamba hakushtuka. Machozi yalianza kumtoka taratibu.

"Nshajua," alisema. "Siku moja dawa iko kwangu, umeme ulikatika tokea asubuhi. Nkaona itapata moto iharibike, nkaitia juu kwenye barafu. Umeme uliporudi nkasahau. Nlipoitoa ishakuwa jiwe. Nkaiacha ikayayuka, nkairudisha mlangoni. Nlitaka kukwambia, wallahi nlitaka. Nkaona muhali. Ushaniamini na dawa yako."

Mama akampapasa mkono.

"Nami niliiona ina vipande," akasema. "Nkajua tu uliitia kwenye barafu. Nkaona muhali kukuuliza, utadhani nakulaumu."

Walikuwa wanajua wote wawili. Mmoja anampa mwenzake dawa iliyokufa na anajua, wa pili anaipokea, anashukuru, anakaa kitako kusengenya, anarudi nyumbani kujichoma na anajua. Asubuhi na jioni. Alikuwa tayari kufa kuliko kumuuliza rafiki yake swali moja. Nikapiga kelele, sikumbuki maneno yote, nakumbuka tu niliuliza kama sanda nayo angeiazima kwa jirani.

Wao walikuwa wameshikana mikono, wanalia, na katikati ya kilio wakaanza kucheka. Kisha wote wawili wakanigeukia na kunitazama kama niliyevunja kitu.

"Mwanao ana ulimi," jirani alisema.

"Kwa babake huo," mama akasema. "Kwetu haupo."

Ami hajakanyaga kwetu tangu siku ile. Anamtumia mama salamu, na mjini watu wananiita yule aliyemvunjia ami yake heshima mbele ya watoto wa malai. Sijaomba radhi na sina nia hiyo. Friji iko jikoni, inanguruma, na mlangoni mwake hakiwekwi kitu chengine chochote.

Siku hizi mama akitoa kichupa kipya, kabla ya kuchoma, ananiita. Ananipa nikiinue kwenye dirisha, nikizungushe, nimwambie kama ni safi. Hasemi kwa nini. Nadhani anaona muhali kuniambia kwamba nilikuwa na haki.