Mfuko wa Kijani

Mpaka leo nikiona maziwa yamefungwa kwenye rambo, ile mifuko ya plastiki, lazima nigeukie pembeni. Wenzangu wanasema nina maringo. Waache waseme.

Nilikulia kwa bibi, kijiji cha upande wa Nkololo, kwenye nyumba isiyojua kutupa kitu. Kibuyu kikipasuka kilishonwa. Kikishindikana kabisa, kilikatwa kikawa kata ya maji. Tulipikia miti ya pamba iliyokauka. Samadi ilikwenda shambani, nyingine ikasiribwa ukutani. Nyumba nzima ilimtegemea ng'ombe mmoja jike, mwekundu, mwenye pembe moja iliyopinda. Maziwa yake ndiyo yaliyomlea mdogo wangu, ambaye mama alifariki akamwacha hajaota hata jino. Bibi hakuwa na ng'ombe mwingine.

Kisha wakaja wanunuzi binafsi wa pamba, na nyuma yao wachuuzi wa mnadani. Redio ilisema soko sasa ni huria. Kwetu soko huria lilifika limefungwa kwenye rambo: chumvi kwenye rambo, sukari kwenye rambo, dagaa kwenye rambo. Watu walirudi kutoka mnadani wakining'iniza vile vifuko kama waliopandishwa cheo. Wakishamimina chumvi, mfuko waliutupa popote, maana tulizoea kwamba ukitupa kitu kitaoza. Ule haukuoza. Ulinasa kwenye minyaa ya uzio ukapigapiga kwa upepo, na mvua iliponyesha ulijaa maji yanayonuka, yenye viluwiluwi vya mbu. Nilikuwa nachukia hata kuushika.

Ng'ombe hawakuuchukia. Ulikuwa na ladha ya chumvi.

Yule mwekundu alianza kwa kuacha kucheua. Tumbo likavimba upande wa kushoto, maziwa yakapungua hadi kikombe, halafu yakakauka. Bibi alimnywesha maji ya majivu. Akasema amerogwa, akaacha kuwasalimia majirani wawili. Mdogo wangu alilia kutwa akipewa uji wa mtama usio na chochote. Asubuhi ng'ombe alipolala akashindwa kuinuka, baba mdogo alimchinja ili asife bure, na majirani wakaja kugawana nyama kama ilivyo desturi.

Alipopasua tumbo la majani, lilitoka donge kubwa, jeusi, limesokotana, linavuja ute. Harufu yake sijawahi kukutana nayo tena, na choo cha shule yetu nakikumbuka vizuri. Baba mdogo alilivuta kwa mikono miwili. Ilikuwa mifuko. Mifuko mitupu, imefungana na kamba na nyasi zilizokataa kusagika. Nilitapika palepale mbele ya watu wazima.

Nilidhani wataona aibu. Mmoja akauliza kama kuna rambo la kubebea nyama yake. Na jirani yetu wa ng'ambo ya uzio, mmoja wa wale wawili walionyimwa salamu, aliinama juu ya lile donge, akachambua kwa vidole, akachomoa mfuko wa kijani uliokatika mkono mmoja. Akaukung'uta.

"Huu bado mzima," alisema, akaenda nao kuusuuza.

Nilimchukia yule mama kwa moyo wangu wote. Usiku nilikuwa bado naviona vidole vyake.

Kesho yake alfajiri yule mama alikuwa mlangoni kwetu.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia bibi kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," bibi aliitika. Hakuweza kumtazama usoni.

"Nimesikia mtoto analia. Ng'ombe wangu amezaa juzijuzi, nitakuwa naleta kidogo kila asubuhi."

Alichonyoosha kilikuwa maziwa, bado yana uvuguvugu, ndani ya mfuko wa kijani uliokatika mkono mmoja. Nilimvuta bibi kanga. Nilimwambia kwa sauti kwamba mfuko huo umetoka tumboni mwa ng'ombe wetu.

"Nina macho," bibi alisema.

Akaupokea kwa mikono miwili, akapiga goti kushukuru. Maziwa aliyachemsha mpaka yakafurika motoni, akayapoza, akamkalisha mtoto mapajani. Mimi nilisimama mlangoni nimeziba pua, nikimwomba Mungu mtoto ayateme.

Alikunywa yote, akalilia mengine.