Kilo Tano za Umaima

Umaima ndiye mwanamke wa kwanza wa Kihindi kunyanyua vyuma katika klabu yetu ya Umbilo, na kwa miaka kumi na minane alilipia nafasi hiyo kwa kunyamaza. Alisubiri wanaume washibe mazoezi ndipo naye aguse chuma. Anauza dawa mtaa wa Overport. Mama yake alizaliwa Mombasa, kwa hiyo Kiswahili anacho, ila ulimi wa kugombana hana. Mimi, Ninahazwe, mwanamke mwenzake wa mazoezini, ninao wa kututosha sote wawili.

Jumamosi ile klabu iliandaa mashindano ya wanawake kwa mara ya kwanza, kuchagua timu ya mkoa. Umaima ana miaka arobaini na mmoja. Alitakiwa kuinua kilo sabini na tano, uzito anaoumudu kila wiki, na nafasi nyingine hangeipata.

Mara ya kwanza chuma kilimshinda mabegani. Mara ya pili kikampigisha magoti. Kati ya mara tatu ilibaki moja, na saa ya dakika mbili anazopewa mnyanyuaji ilishaanza kuhesabu. Mimi nilikuwa wa kufuta chuma jasho. Nilipokishika, nikahisi unene wake. Wanawake hunyanyua chuma chembamba cha kilo kumi na tano. Hiki kilikuwa cha wanaume, cha ishirini, na jumla ya uzito ilihesabiwa kana kwamba chuma ni chetu cha kumi na tano.

"Dada, hii chuma iko ya wanaume," nilimnong'oneza. "Unabeba themanini."

Alikitazama. "Ndicho nilichozoea mazoezini, sikuhisi tofauti. Nilidhani ni mimi nimeisha."

Zilibaki sekunde arobaini. Kulalamika ni kumwaibisha mwenyekiti Bertrand, aliyempokea klabuni, tena mbele ya wageni wake. Na saa ikiisha bila kusikilizwa, ndiyo basi. Nilitaka kupaza sauti, lakini neno lilikuwa lake. Zilipobaki kumi, akashuka jukwaani, akaenda mezani kwa waamuzi.

"Kipimeni," aliwaambia. "Siinui mpaka mkipime."

Saa ikaisha. Bertrand alikasirika, akadai nafasi yake imekwisha. Mwamuzi mgeni akaagiza mizani hata hivyo. Chuma kitupu kilipimwa: ishirini kamili. Wakamrudishia majaribio yake, na Bertrand akatoa ofisini chuma cha wanawake, kingali ndani ya nailoni ya dukani. Tarehe ya kununuliwa iliyobandikwa ilikuwa ya miaka kumi na miwili iliyopita.

Umaima aliichana nailoni mwenyewe. Sabini na tano ilipanda mara moja. Ishara ya kushusha ilipotolewa, hakushusha. Aliendelea kukishikilia juu, akimtazama Bertrand, mpaka Bertrand akainamisha macho.