Mikono Miwili, Si Minne

Kwa miaka kumi na tisa kiti cha mbele cha gari la mumewe kilikuwa cha Mama Pacha, na si kwa maneno tu. Alikishona mwenyewe. Yeye ndiye fundi wa viti katika gereji ya mumewe, cherehani yake imekaa karibu na dirisha la nyuma, na hakuna kiti kilichochanika mjini ambacho hakijapita mikononi mwake. Hicho kimoja alikipima kwa mgongo wake, akaongeza sponji pale kiuno kinapomsumbua, akakishona kwa uzi wa kurudia. Asiye na kiuno chake alikuwa na haja gani nacho?

Basi Ijumaa jioni mumewe, akiwa ananawa grisi kwa sabuni ya unga, akamwambia kama mtu anayeomba chumvi mezani, "Kesho tukienda milimani mpimaji atakaa mbele. Wewe kaa nyuma na wifi yako, upumzishe goti."

"Goti limepona."

"Ndiyo maana napanda ngazi nyuma yako nikikusikia unasaga meno."

Ni kweli aliteleza kwenye shimo la gereji miezi miwili nyuma, akaumia. Lakini goti lilikuwa la miezi miwili, na mpimaji alikuwa wa wiki tatu, na yeye alijua kipi kati ya hivyo viwili kilichompeleka kiti cha nyuma.

Mpimaji huyo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mpimaji ardhi, aliyeletwa mjini kuchora njia za milimani. Gari la ofisi yake liliharibika, likaletwa gereji, na tangu hapo kila alasiri alikuja kuuliza limefikia wapi. Kuuliza kwenyewe kulikula vikombe viwili vya chai. Baba Pacha, ambaye wateja wengine walidhani ni bubu, alikuwa anacheka. Tena si kicheko cha adabu, ni kile cha kushika tumbo. Mama Pacha akisimamisha cherehani asikie wanachekea nini, na kicheko nacho kinakoma. Akianza kushona, kinaanza tena. Wiki hizo tatu aliharibu viti viwili vya teksi, jambo ambalo halijawahi kumtokea tangu aolewe.

Jumamosi wakaondoka kwenda milimani kwa siku mbili, na magari mawili. La mbele aliendesha Baba Pacha, la nyuma shemeji yake, mwokaji mikate, mume wa yule wifi. Wifi mwenyewe alikataa kupanda gari la mumewe kwa sababu, alisema, linanuka hamira na yeye ameshaolewa na harufu hiyo siku saba kwa wiki, apumzike japo mbili.

"Shikamoo, mama," mpimaji akasema akifungua mlango wa mbele.

Walipishana miaka saba tu. "Marahaba," akajibu Mama Pacha, na neno hilo lilitoka kama jino.

Mpimaji akaketi, akajinyoosha, akapapasa ngozi. "Kiti hiki kizuri jamani! Kama nimeshonewa mimi."

Wifi akamkanyaga Mama Pacha mguu. Hakuhitaji kumkanyaga.

Lami ilipokwisha wakashuka kupunguza upepo kwenye matairi, maana tairi lililojaa halishiki mchanga wala mwamba. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Mume matairi ya mbele, mke ya nyuma, kisha wanabadilishana na kila mmoja anamkagua mwenzake kwa kukandamiza tairi kwa kisigino. Leo mpimaji alichukua kipimo akaenda kuchuchumaa kwenye tairi la nyuma kabla Mama Pacha hajafungua mlango.

"Wifi," akanong'ona yule wifi, "mimi simo. Lakini ingekuwa mume wangu anafundisha watu kupunguza upepo, ningempunguza yeye."

"Hebu nyamaza."

"Nimenyamaza. Nasema tu."

Milima ilikuwa mitupu, myeusi, bila hata kijiti. Njia ilifuata mkondo mkavu wa mto, mchanga mweupe katikati ya kuta za mawe, kisha ikaanza kupanda. Joto lilipiga kwenye bati la gari. Mbele wale wawili walizungumza habari za miinuko na mawe, na Mama Pacha alihesabu mara ngapi mumewe aligeuza shingo. Maji ya chupa yakamwia machungu kwa wivu. Alijua ni wivu. Hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Ngoja nieleze jambo moja, maana bila hilo kilichofuata hakieleweki. Huko milimani kuna mahali njia inageuka ngazi ya mawe, na dereva akikaa kwenye usukani haoni magurudumu yake yanakanyaga wapi. Kwa hiyo mtu hushuka, husimama juu mbele ya gari, na kumwongoza kwa mikono. Injini inanguruma, maneno hayasikiki. Dereva hatazami mawe, anatazama mikono. Na sharti la Baba Pacha lilikuwa moja, alilirudia kwa kila aliyewahi kusafiri naye: mikono miwili, si minne. Anaongoza mtu mmoja, wengine wote waweke mikono mfukoni. Kwa miaka kumi na tisa mikono hiyo miwili ilikuwa ya Mama Pacha, na gari halikuwahi kupata mkwaruzo.

Walipofika kwenye ngazi ya kwanza, mpimaji akashuka kuongoza.

"Ninyi kaeni," Baba Pacha akasema bila kugeuka.

Mama Pacha akafungua mlango akashuka. Goti likapiga kelele, akalipuuza. Akazunguka, akapanda jiwe refu nyuma ya mpimaji, akasimama huko juu mikono kiunoni, aone huyo mtaalamu atafanya nini.

Akafanya vizuri. Hapo ndipo maini yalipomkatika. Mpimaji aliinua mkono kuelekea upande wa mlima, akimtaka dereva akanyage bamba la jiwe lililolala, na ndivyo hasa Mama Pacha angefanya. Ishara ilikuwa ile ile, hata vidole vilikunjwa vile vile. Mtu wa wiki tatu! Kiti chake, tairi lake, na sasa mikono yake.

Akainua mkono. Hakupanga, lakini pia hakuuzuia. Akaonyesha upande wa bonde.

Usukani ukageuka upande wa bonde.

Mpimaji akapiga ukelele, akapunga mikono yote miwili kama anayefukuza nyuki, lakini gurudumu la mbele lilikuwa limeshateleza kwenye ufa. Gari likaanguka kwa tumbo, chuma kikalia juu ya jiwe, na vumbi likapanda. Halikupinduka, lakini lingeweza.

Baba Pacha akatoka mzima, uso umempauka. Akalala chini akachungulia. Chuma kinachounganisha magurudumu ya mbele kilikuwa kimepinda. "Tutalinyanyua kwa jeki, tutakitoa, tutakinyoosha kwa nyundo," akamwambia mwokaji aliyekuja mbio. "Kazi ya saa tatu, nne. Kosa langu. Nilikanyaga mafuta mapema."

"Si lako, ni mimi," mpimaji akasema. "Nilikuonyesha vibaya. Mimi niliyetumwa kuchora njia hizi! Afadhali nimwambie mkuu wangu alete mwingine."

"Si nilisema?" wifi akanong'ona kwa furaha. "Yeye na milima wapi na wapi!"

Na Mama Pacha naye alifurahi. Tuseme ukweli. Kwa muda wa kunywa kikombe cha maji alifurahi kabisa, akakaa kivulini akisikiliza nyundo ikigonga, na moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa wiki tatu zote.

Kisha mpimaji akaja na begi lake, akalikunja, akaliweka chini ya goti la Mama Pacha. "Liinue kidogo, mama. Nisamehe. Wiki zote hizi tatu amenifundisha ishara hizi pale gereji ili wewe usilazimike kushuka kwenye mawe. Nilikuwa nakosea hadi anacheka. Akisikia cherehani imenyamaza ananiambia kaa kimya, mke wangu asijue nimehangaikia goti lake, atakataa." Akafuta macho. "Aliniambia, mke wangu hajawahi kukosea hata mara moja. Sasa ona nilichofanya."

Mama Pacha alitazama lile begi. Angeweza kunyamaza. Mpimaji alikuwa amempa mgongo pale kwenye ngazi, wifi alikuwa ndani ya gari akitafuta biskuti, na mwokaji alikuwa nyuma na vumbi lake. Hakuna aliyeona.

Akainuka, akachechemea hadi pale mumewe alipolala chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Baba Pacha. Mpimaji alionyesha sawasawa. Ni mimi niliyeonyesha bondeni."

Nyundo ikasimama.

"Najua," sauti ikatoka chini. "Nilikuwa nakutazama wewe."

"Yeye ndiye aliyekuwa anaongoza!"

"Ulipopanda lile jiwe, macho yakaenda yenyewe. Ukaonyesha bondeni, nikasema, basi, Mama Pacha ameona kitu ambacho huyu hajakiona." Akalaza nyundo chini. "Uliona nini?"

Wote walikuwa wanasikiliza. Hata wifi alishusha biskuti yake asikie vizuri.

"Sikuona kitu," Mama Pacha akasema. "Nilimwonea wivu. Nilitaka akosee."

Nyundo ikaanza tena. Sasa ilikuwa inagonga polepole.

Alasiri chuma kikarudishwa mahali pake. Mpimaji, bila kuambiwa na mtu, akapanda nyuma na wifi. Mama Pacha akaketi mbele, na sponji ikashika kiuno chake pale pale ilipozoea. Wakaondoka. Alitaka kusema nisamehe, akasema, na mumewe akaitikia kwa kichwa, bila ukali, akampa na chupa ya maji anywe.

Wakafika kwenye ngazi ya pili. Mama Pacha akashika kitasa cha mlango.

"Kaa tu," Baba Pacha akasema.

"Goti halinisumbui. Nitakuongoza."

"Kaa, mama."

Akazima injini. Akashuka yeye mwenyewe, akapanda ngazi hadi juu, akashuka tena, akipita jiwe moja moja na kulijaribu kwa kisigino. Kisha akarudi kwenye usukani, akawasha gari, akatoa kichwa dirishani na kutazama mawe, si mikono.