Niliziba gia ya boti kwa mpira wa porini

Nilipaswa kukataa. Naanzia hapo, kwa sababu umri wangu wote nimekuwa nikianzia mbali ili nisifike.

Nyapara wa karakana aliniuliza mbele ya Bwana, yule Mzungu mkuu wa kambi, "Kijana, injini hii unaiweza au huiwezi?" Nikasema naiweza. Ilikuwa Nachingwea, miaka ile ya mashamba makubwa ya karanga. Mimi nilikuwa fundi wa matrekta. Injini ya boti sikuwahi kuifungua hata moja.

Kwa nini nilisema naiweza? Kwa sababu nilikuwa nimesoma sekondari, na kwetu Malolo baba alikuwa amekwisha kumtangazia kila mtu kwamba mwanawe anasoma vitabu vya mashine vya Wazungu. Na kwa sababu kabla ya karakana nilikuwa nang'oa visiki juani. Nyapara alipenda kutukumbusha kwamba visiki bado vipo.

Injini yenyewe aliileta Bakari, dereva wa boti ya Mto Mbwemkuru. Masika ilikuwa imechukua daraja, na wenzetu wa kambi ya ng'ambo hawakuwa na unga. Boti ile ndiyo iliyokuwa njia yao ya pekee.

Sasa elewa jambo moja. Bakari alikuwa mtani wangu. Ukoo wao wa Nandagala na ukoo wetu ni watani tangu kwa mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akakunyang'anya kofia, akakuambia umekufa unatembea, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa.

"Mtani," akaniambia alipoishusha injini, "wamekosa fundi mpaka wamekupa wewe? Basi nikaage nyumbani kabisa."

"Kaage," nikamjibu. "Na mkeo mwambie anipikie."

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka kwa mwili mzima.

Chini kabisa ya injini ile, pale panapozungukia pangaboi, kuna kasha la gia. Linakaa ndani ya maji muda wote wa safari. Ndani yake mna oili, na kinachozuia oili isitoke na maji yasiingie ni sili, pete ndogo ya mpira iliyokumbatia shafti, chuma kinachozungusha pangaboi. Nilipofungua skrubu, oili ilitoka nyeupe kama tui. Maji yalikuwa yameingia. Sili ilikuwa imelika.

Sili mpya ingetoka Lindi, na barabara ya Lindi ilikuwa matope. Nilimweleza nyapara.

"Nilikuuliza unaiweza, ukasema unaiweza," akasema. "Bwana ameshawapelekea habari watu wa ng'ambo kwamba unga unakuja. Sasa nikamwambie nini? Kwamba msomi wetu amebadili mawazo?"

Hapo mlango ukafungwa, na ni mimi niliyekuwa nimeufunga.

Nikakumbuka mpira wa porini. Wakati wa vita serikali ilituingiza msituni kukusanya utomvu wake, na tangu hapo kila nyumba kwetu iliziba kwa mpira ule. Debe likitoboka, ndoo ikivuja, unauzungushia, unakauka, maji hayapiti. Nikatoa sili mbovu, nikaviringisha uzi wa mpira kwenye shafti, nikaushindilia, nikafunga. Nikatia oili mpya. Nikalizamisha kasha ndani ya pipa la maji na kulijaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Halikutoa kiputo hata kimoja.

Nyapara akafurahi. Bwana akanipiga bega. Na mimi nilikuwa najua.

Ndiyo, nilijua! Mpira mbichi unazuia maji, lakini oili unaiogopa. Niliwahi kuona pale pale karakana kipande kilichosahauliwa kwenye sinia la oili. Kilivimba, kikalegea, kikawa uji. Nilijua kwamba ndani ya lile kasha uji ulikuwa umeshaanza kupikwa. Nilichojipa ni matumaini tu: labda safari moja itafika.

Kesho yake tukaipeleka injini mtoni kwa lori, nyapara na Bwana wakiwamo, nikaifunga kwenye boti kwa mikono yangu. Mbwemkuru ilikuwa imejaa, nyekundu, inabeba miti mizima. Bakari na msaidizi wake wakapakia magunia. Nilisimama ukingoni, nikaona siwezi kunyamaza kabisa.

"Mtani," nikamwambia, "usivuke. Hiyo injini nimekushonea sanda."

Akageuka, meno yote nje. "Sanda ya mpira?"

"Ya mpira. Itakufia katikati ya maji."

"Nikifa, kaburi utachimba wewe. Na nimeshawaambia nyumbani, ujira wako ni kuku mmoja. Jike, tena asiyetaga."

Watu wote ukingoni wakacheka. Nami nikacheka.

Kwetu kuna namna ya kusimamisha utani. Unashusha sauti, unasema, "Utani kando." Mtu akisikia hivyo, hata kama alikuwa amekukaba shingo kwa mchezo, anakuachia na kukusikiliza. Maneno mawili tu. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini ningeyasema, nyapara angeyasikia, Bwana angeyasikia. Nikayameza, nikajiambia kwamba nimeshamwonya.

Huo ndio uchafu wenyewe wa jambo hili. Nilimwambia kweli kwa njia ambayo nilijua hataiamini.

Aliondoka vizuri. Msaidizi wake, aliyenusurika kwa kung'ang'ania tawi, alisimulia kwamba katikati ya mto gia zilianza kusaga kama mtu anayetafuna mchanga, halafu pangaboi likasimama. Injini ikanguruma bure. Maji yakaikamata boti, yakaipigiza kwenye mti. Bakari tulimpata baadaye mbali huko chini. Injini haikupatikana. Bwana akasema ni nguvu ya mto, na hakuna aliyeniuliza lolote.

Mazishi yakawa Nandagala. Na kwa mila zetu, mtani ana kazi msibani. Anachimba, anamkejeli marehemu, anawachekesha wafiwa ili wasizimike kwa uchungu. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilichimba. Halafu nikajilaza kaburini, kama watani wafanyavyo, nikagoma kutoka.

"Toka, we mchawi!" akanipigia kelele Somoe, mjane wake. "Umemuua, bado unamnyima na nyumba?"

Alikuwa ananitania. Macho yamevimba, lakini ananitania.

Nikasema kutoka mle shimoni, "Ni kweli. Mimi ndiye niliyemuua. Injini ile niliiharibu mimi."

Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Somoe alicheka. Nikayatafuta yale maneno mawili, utani kando, nikiwa nimelala chali naitazama mbingu na sura zao zimenizunguka. Sikuyapata. Mzee mmoja akanivuta mkono, akanipa kuku. Alikuwa jike.

Nimeishi miaka mingi tangu hapo. Somoe hakuolewa tena. Kila mavuno aliniletea ufuta na kuniita muuaji wa mumewe, na wanawe wakakua wakiniita hivyo hivyo, kwa mapenzi. Nilipozeeka nilikwenda kwake nikasema hatimaye, "Shemeji, utani kando." Nikamweleza yote, sili, mpira, oili. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipiga bega na kucheka. "Wewe mtani hutazeeka akili," akasema. "Na hilo la utani kando ndilo limenimaliza." Nilikuwa nimechelewa mno. Sasa naye amekwisha kufariki.

Wewe unayesoma, kama una kweli ya kumwambia mtu, mwambie bila kuivisha nguo nyingine, na umwambie kabla hajapanda chombo. Ukiulizwa kama unaweza, na huwezi, sema huwezi. Visiki haviui.

Kwa kusema naiweza, nilimuua Bakari, mtani wangu, akiwa bado kijana. Somoe alibaki mjane mpaka kufa kwake. Na hakuna mtu aliyebaki duniani wa kunisamehe, kwa kuwa wale niliowakosea hawakuamini kamwe kwamba niliwakosea.