Mateka wa Fundi Theuri

Fundi Theuri wa Majengo, pale Nyeri, aliwagawa binadamu makundi mawili: wale aliokwisha kuwashinda katika mchezo wa Go, na wale wasiokuwa na akili za kutosha kukaa chini washindwe. Kundi la tatu hakulijua. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mke mvumilivu, binti aliyeolewa Nanyuki aitwaye Nyawira, na kibanda cha kutengenezea cherehani nyuma ya msikiti. Cherehani alizitengeneza vizuri, hilo tusimnyime. Lakini ukimpelekea mashine yako, kwanza ungesikia jinsi ulivyoiua kwa kuitia mafuta ya kupikia, kisha jinsi fundi aliyeigusa kabla yake alivyokuwa punda, na mwisho, ukiwa na bahati, ungeambiwa urudi Alhamisi.

Go alifundishwa na mhandisi wa barabara kutoka China, aliyepanga chumba ukuta kwa ukuta na kibanda chake. Mhandisi hakujua Kiswahili na Theuri hakujua Kichina, ila mchezo wenyewe hauhitaji maneno. Ubao una mistari kumi na tisa kwenda na kumi na tisa kuja. Mmoja ana kete nyeusi, mwingine nyeupe, na kila mmoja anazungushia eneo lake kama mtu anayepiga ua wa shamba. Ukizizunguka kete za mwenzako zikakosa pa kupumulia, unaziondoa; hao ni mateka wako. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuzishika sheria hizo kabla uji wake haujapoa. Kuucheza vizuri ni kazi ya maisha, na Theuri alijiona ameimaliza kazi hiyo katika miaka mitatu.

Mhandisi alipohamishwa alimwachia ubao, na Theuri akaanzisha klabu. Kila Jumamosi watu wanane au tisa walikutana kwenye mkahawa wa Zeynab, wakanywa chai, wakashindwa na Theuri, wakatukanwa kwa upole, wakaenda makwao. Walicheza kama mhandisi alivyomwonyesha Theuri, na kuhesabu kama alivyomwonyesha: mchezo ukiisha, unahesabu kete zako zilizosimama ubaoni pamoja na nafasi ulizozizingira, basi. Kwa hesabu hiyo mateka hawana kazi. Kwa hiyo watu wa Nyeri walikuwa na mazoea yao: ukiteka kete, unazirusha papo hapo kwenye bakuli la mwenyewe azitumie tena. Theuri alizirusha bila kutazama, kama mtu anayepangusa makombo mezani, na ule mlio wa kete ndani ya bakuli la mtu aliyenyang'anywa ulimfurahisha kuliko ushindi wenyewe.

Chama cha taifa alikidharau kwa jumla. Taifa zima la wachezaji wa Go, alisema, lingeingia kwenye basi moja la shule na viti vikabaki. Mwenyekiti wake alikuwa bwana wa Nairobi mwenye kadi za jina zilizoandikwa kwa dhahabu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akimshinda mtu. Wale vijana wa chuo kikuu walijifunza kwenye simu, wakiminya vidole kama wanaotafuta chawa. Sakariye, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Nanyuki, angalau alikuwa na adabu ya kujua ameshindwa mapema. Na Monicah, basi hata wa kumtaja hakuwa.

Monicah alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai, upande wa Kangema. Kazi yake ilikuwa kupima vikapu vya wakulima na kuandika kilo, na mkulima wa Kangema ukimkosea nusu kilo atakuja na mkewe, mama yake na mzee wa kanisa kukuuliza. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mtu wa maneno machache, na Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili alipanda gari mpaka Murang'a, akapanda lingine mpaka Nyeri, ili acheze. Alipoanza, Theuri alimtangulizia kete tisa ubaoni, kama wenye nguvu wanavyowafanyia wanyonge ili mchezo usiwe mauaji. Mwaka uliofuata akamtangulizia nne. Sasa alikuwa akimtangulizia mbili na kutoka jasho, lakini jasho hilo alilisingizia chai ya Zeynab. Alimwita Mpima Majani, hata mbele yake.

Basi mwaka huu mashindano ya taifa yakaletwa Nyeri, na mshindi mmoja, mmoja tu, angekwenda Japani kuiwakilisha nchi. Theuri aliitaka safari hiyo kama mtu anavyotaka maji. Alikuwa ameisubiri miaka sita. Pasipoti aliichukua mapema na kuiweka kwenye droo ya sindano, na Majengo yote, kuanzia muuza mitumba hadi imamu, walikwisha kuagwa.

Asubuhi ya kwanza, ukumbini, walikaa wachezaji ishirini na sita. Mwamuzi alikuwa Mwai, mwalimu wa hisabati, mtu mkavu kama chaki yake. Alisimama akasoma sheria. Kwa kuwa mshindi atakwenda Japani, alisema, mwaka huu tutahesabu kwa njia ya Kijapani: kila mtu aweke mateka wake kwenye kifuniko cha bakuli lake, kwa sababu mwisho wa mchezo kila mateka ni alama. Mateka asiyekuwa kwenye kifuniko hahesabiwi, isipokuwa wachezaji wote wawili wakubaliane idadi. Akauliza kama kuna mwenye swali. Akaomba wanaokubali wainue mikono.

Theuri alikuwa nyuma, akimweleza Sakariye kwa nini mwalimu wa hisabati hawezi kamwe kucheza Go. Alipoona mikono iko juu aliinua wake pia, akidhani wanapigia kura chakula cha mchana.

Siku mbili hakupatwa na lolote, kwa sababu hakuna aliyefika naye kwenye hesabu. Vijana wa simu waliinamisha vichwa na kukubali kushindwa kete zikiwa nusu. Sakariye alikubali mapema zaidi, akatoka kwenda kuswali. Kila mara Theuri alirusha mateka kwenye bakuli la mwenzake, na hao waliokuwa wakichinjwa hawakuwa na hamu ya kumkumbusha mchinjaji sheria. Jumapili baada ya ibada zikabaki meza mbili, na kwenye meza ya fainali, mbele ya Theuri, akaketi Mpima Majani.

Theuri alicheka, kweli alicheka. Alimwambia mwenyekiti wa chama, kwa sauti ya kusikika, kwamba kama angejua taifa limeishiwa hivi asingepiga pasi shati.

Theuri alikuwa na kete nyeusi. Mchezo ulipofika katikati akateka kete nne nyeupe kwenye kona, akazirusha kwenye bakuli la Monicah. Monicah akaacha kucheza. Akainama mbele kidogo, akasema kwa sauti ya chini:

"Mzee, hizo weka kwa kifuniko yako. Leo zinahesabiwa."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeuliza, zinahesabiwaje? Theuri hakuuliza. Aliona ni ujanja wa mnyonge, wa kumtoa mwenye nguvu kwenye mawazo yake. Wahenga walituachia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kuhusu mkuu asiyesikia la mdogo hawakusema kitu, labda kwa sababu waliokuwa wakisema walikuwa ndio wakuu.

"Cheza game yako," alimwambia. "Siku nitafundishwa na wewe nitaacha."

Monicah akatazama bakuli lake. Akachukua biro, akajichora mistari minne kwenye kiganja cha kushoto, kama anavyochora magunia ya chai kwenye mizani. Theuri alipoteka mbili, akachora mstari wa kukata ile minne, na mmoja pembeni. Zikaja tatu nyingine, akachora mitatu. Theuri aliiona ile biro na kumwonea huruma. Alidhani anajiandikia pa kucheza.

Mchezo ulikuwa mzuri, na kama nisingesema hivyo ningekuwa mnafiki kama yeye. Monicah alimsukuma Theuri mpaka ukutani, na Theuri akacheza kama hajawahi kucheza maishani, akatoka. Ubao ulipojaa alijua ameshinda. Alijinyoosha, akatazama dirishani, na moyoni alikwisha kupanda ndege.

Mwai akaja kuhesabu. Akapanga kete, akajaza maeneo, akaonekana anatafuta kitu.

"Mateka wako wako wapi?" akauliza.

Theuri alimweleza, kwa subira ya mtu anayeongea na mtoto, kwamba mateka hawana kazi. Mwai akamweleza, kwa subira ileile, kwamba wana kazi. Bila mateka, Theuri ameshindwa kwa alama tano na nusu. Theuri akataka wahesabu kwa njia ya Nyeri. Mwai akasema sheria zilisomwa juzi na kila mtu aliinua mkono, na wewe, fundi, nilikuona. Theuri akamtazama Sakariye. Sakariye alikuwa na kazi na kamba za viatu vyake.

Ndipo Monicah akafungua kiganja juu ya meza.

"Zilikuwa tisa," alisema. "Nimeziandika. Mimi nakubali ameshinda."

Tuseme hapa wazi, maana hata wasiocheza wanapaswa kuuona ujinga huu vizuri. Kwa mateka tisa, Theuri alikuwa mshindi kwa alama tatu na nusu. Japani ilikuwa yake. Mwanamke ambaye Theuri alimdhihaki miaka mitatu alikuwa amekaa mbele yake na kumrudishia, mbele za watu, kitu ambacho sheria ilikwisha kumpa mwanamke huyo. Kilichobaki ni neno moja. Mwai alimgeukia Theuri akamuuliza kama naye anasema tisa.

Theuri alikitazama kile kiganja cha karani chenye mistari ya biro. Yeye mwenyewe hakujua ni ngapi. Hakuwahi kuhesabu mateka katika maisha yake. Lakini alijua kitu kimoja, kwamba haiwezekani aende Japani kwa hesabu ya Mpima Majani, na watu wa Majengo wasikie. Lazima karani awe amekosea. Mtu kama huyo hawezi kumhesabia mtu kama yeye.

"Kumi na moja," alisema.

Mwai akamuuliza tena, polepole, kama mwalimu anayemwona mwanafunzi akikata jibu sahihi. Alimkumbusha kwamba tisa zinamtosha. Theuri akarudia kumi na moja. Mwai akamgeukia Monicah, na Monicah akasema angependa kusaidia, lakini zilikuwa tisa, na yeye hawezi kuandika kilo ambazo hazikuwa kwa mizani. Basi hawakukubaliana. Mwai akakiinua kifuniko cha Theuri juu, watu wote wakaona kilikuwa kitupu, akamwandika Monicah mshindi.

Mwenyekiti alitoa hotuba ndefu kuhusu wanawake na michezo, hotuba aliyoiandaa kwa ajili ya mtu mwingine na kubadilisha jina. Theuri hakuisikia. Alitembea kwa miguu mpaka Majengo, akampita imamu bila salamu.

Jumatatu hakufungua cherehani ya mtu. Alitoa ubao wake na kuucheza upya mchezo ule wote kutoka kichwani, kete kwa kete, nyeusi na nyeupe, na kila alipoteka aliweka mateka kwenye kifuniko. Walipoisha alihesabu. Tisa. Akafuta ubao akaanza tena, akicheza taratibu, akitafuta wale wawili. Tisa. Mara ya tatu mkewe alimletea chakula, akakiacha kikapoa, na bado zilikuwa tisa. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Alikuwa bado ameketi hapo Jumanne mchana Monicah alipoingia, na pakiti ya majani chai ya zawadi mkononi. Hakuja kumcheka. Alikaa kwenye kigoda cha wateja na kusema kwamba amebakiza miezi miwili kabla ya safari, kwamba huko Japani atachapwa vibaya, na kwamba hapa milimani hajui mwalimu mwingine wa kumshinda Theuri. Angekuja kila Jumamosi, hata kila Jumapili. Theuri alihisi kitu kikilegea kifuani. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amwombe kitu kwa heshima namna hiyo.

"Lakini Baba Nyawira, kwanza niambie tu, sisi wawili," Monicah akasema. "Zilikuwa ngapi?"

Kifuniko kilikuwa mezani katikati yao, na kete nyeupe tisa ndani yake. Theuri alimtazama usoni.

"Kumi na moja," alisema.

Monicah akaziangalia zile kete. Midomo yake ilisogea kidogo, kama inavyosogea akisoma mizani. Kisha akasema sawa, mzee, akaiweka ile pakiti ya chai karibu na cherehani, akatoka nje kumpigia simu Sakariye wa Nanyuki, kumuuliza kama Jumamosi ana nafasi ya kucheza naye.