Mkuki wa Mraba wa Pili

Kwa miaka minne, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, meza ya sebuleni kwangu Mandewa, mjini Singida, iligeuka uwanja wa vita. Natandaza karatasi ya manila niliyoichora miraba kwa rula ya darasani, tunapanga vizibo vya soda kuwa mashujaa na mbegu za alizeti kuwa maadui, kwa kuwa alizeti haijawahi kuisha nyumbani kwangu. Wachezaji walikuwa wanne, wote wanafunzi wangu wa zamani, sasa watu wazima wenye kazi zao. Kila mmoja alikuwa na shujaa wake aliyemkuza wiki hadi wiki. Mimi msimamizi nasimulia kilicho mbele yao, wao wanasema wanafanya nini, dadu inaamua. Watu wakiniuliza muda naupata wapi, nilijibu kwamba mchezo ndio unaonipumzisha. Nilikuwa nadanganya. Baada ya wiki nzima ya vipindi na madaftari ya kusahihisha, nilikuwa nimechoka hata na hicho cha kunipumzisha.

Kitabu cha kanuni tulikuwa nacho kimoja, cha Kiingereza, kinene, na nilikisoma nusu. Nusu iliyobaki niliijaza kwa akili yangu. Nilijua mwenye upanga anampiga aliye mraba wa jirani tu, na mwenye mkuki mrefu anamfikia hata aliye mraba wa pili. Hapo nikaongeza la kwangu, kwamba adui akishaingia mraba wa jirani, mkuki haumpati tena. Nilikulia Iramba nikichunga mbuzi, na niliwahi kumwona fisi akiingia chini ya mikono ya babu yangu, mkuki wote ule ukabaki mti wa kushikilia. Kwa hiyo siku natangaza kanuni hiyo wala sikufungua kitabu. Niliwaambia, "Mimi nimeshika mkuki. Nyie mmeshika kalamu." Wakacheka, tukaendelea.

Aliyekuwa na mkuki ni mmoja tu, binti ambaye sasa ni fundi cherehani Utemini. Shujaa wake alikuwa mlinzi wa kike mwenye kovu shavuni, na alimlea miaka miwili bila kumpoteza. Alimshonea hata kijoho cha kitambaa cha kitenge, kikavikwa kizibo. Kati ya wote wanne, huyu ndiye aliyenifanya nitandaze manila hata Jumamosi nilizotamani kulala.

Jumamosi moja mlinzi alisimama mwanzoni mwa daraja ili wenzake wavuke. Dubwana likaruka likaingia mraba wa jirani. Yule binti akasema analipiga. Nikamwambia hawezi, liko karibu mno, arudi nyuma mraba mmoja kwanza. Na anayerudi nyuma mbele ya adui anapigwa pigo moja la bure. Aliitazama manila muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Sawa, mwalimu," akasema.

Akarudi nyuma, nikarusha dadu, mlinzi akafa. Alikivua kizibo kile kijoho, akakikunja, akakitia mfukoni. Jumamosi iliyofuata hakuja. Alituma ujumbe kwamba ana nguo nyingi za harusi, na baada ya hapo ikawa nguo za harusi mwaka mzima.

Mwezi uliopita alijiunga nasi muuguzi aliyehamishiwa Singida kutoka mkoa mwingine. Hakuwahi kufundishwa na mimi. Akachagua mkuki, nikamweleza kanuni yangu, naye akatoa simu akanisomea kitabu kile kile. Mwenye mkuki anampiga wa mraba wa pili na wa mraba wa jirani pia. Sentensi mbili tu. Wale watatu wengine waliinamia vizibo vyao, hakuna aliyeonekana kushangaa. Hilo la kutoshangaa ndilo lililoninyima raha wiki nzima.

Jumatano nikapanda bodaboda hadi Utemini. Nilimkuta yule fundi cherehani peke yake, amesimama kwenye meza ya kukatia. Akaweka mkasi chini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kukuomba radhi. Ile siku ya darajani nilikosea. Ulikuwa na haki ya kulipiga lile dubwana."

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Kabla ya siku ile. Ulituazima kitabu, tukakisoma kwa zamu. Wote tulijua."

Nikatafuta stuli nikakaa. Nilimuuliza kwa nini hawakusema, naye akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuingia na viatu msikitini.

"Nikusahihishe mwalimu wangu, nyumbani kwako, mbele ya watu? Halafu ulikuwa umechoka. Kila mtu alikuwa anaona umechoka. Tukaona tukuache."

Niliona aibu, na chini ya aibu upweke. Nilidhani nimewaongoza miaka minne, kumbe walikuwa wananivumilia. Nikamwambia tumrudishe mlinzi wake, tuirudie siku ile kama haikuwepo. Akakataa. Alisema alishamlilia, na hawezi kumlilia mtu halafu akacheza naye.

Nilitaka kuaga, maana nilichokuja kusema kilikuwa kimeisha. Badala yake nikamuuliza, "Kuna kanuni nyingine ninayoikosea?"

Alikunja kipande cha kitambaa, akakikunjua.

"Niseme kweli?"

"Sema."

"Samahani lakini, mwalimu."

"Wewe sema."

Akasogeza nguo ya mteja pembeni, akachukua chaki yake ya kukatia, akachora miraba juu ya meza, safi kuliko yangu. Akapanga vifungo vya shati. Alianza na kanuni za mishale. Kisha akaja kwenye kuruka, kisha giza, kisha namna ninavyohesabu miraba ya kona. Kila alipomaliza moja alisema samahani, akaendelea na inayofuata. Nilimwomba kalamu, nikaanza kuandika.

Jua la jioni lilipofika mlangoni alikuwa bado hajamaliza.